Kozi wa Maghorofani: Namna ya Kumtazama Ndege Mwindaji Katikati ya Mji

SOMO LA MAZINGIRA KWA WAKAZI

Mkazi anayepita katikati ya mji huangalia mbele yake: magari, bodaboda na mtaro ulioachwa bila kifuniko. Ni wachache wanaoinua macho hadi orofa ya ishirini. Hata hivyo, katika miji mingi duniani, huko juu ndiko anakoishi ndege mwenye kasi kuliko viumbe wote wanaoruka. Ndege huyo ni kozi, ambaye wataalamu humwita Falco peregrinus. Hulala kwenye kingo za majengo marefu, huwinda njiwa juu ya barabara zenye msongamano, na hutaga mayai mahali popote palipo na changarawe kidogo na upepo usiozidi.

Ndege huyu aliwahi kukaribia kutoweka katika nchi kadhaa, na sababu ilikuwa dawa iliyonyunyiziwa mashambani na watu waliodhani kwamba inaua wadudu pekee. Kurudi kwake, na kuhamia kwake mijini, kumewapa wakazi wa miji nafasi ya kujifunza mambo mengi wakiwa wamesimama tu kando ya barabara.

Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza:

1. Kumtambua kozi na kumtofautisha na mwewe.
2. Kueleza kwa nini kozi huchagua majengo marefu.
3. Kueleza jinsi sumu ya shambani inavyomfikia ndege asiyekula mazao.
4. Kumtazama kozi bila kumsumbua na kuweka kumbukumbu zenye manufaa.
5. Kuchukua hatua sahihi anapokuta kinda la ndege mwindaji chini.

KOZI NI NDEGE GANI?

Jina kozi ni la kale katika Kiswahili. Methali isemayo "Kozi mwandada kulala na njaa kupenda" inamsifu kwa ustadi wake wa kuwinda: akilala njaa, basi ni kwa hiari yake. Ukweli ni kwamba kozi hukosa windo mara nyingi kuliko anavyolipata, lakini sifa hiyo haikutoka hewani. Anapoona ndege akiruka chini yake, hukunja mabawa na kujiangusha kutoka juu kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Hiyo ni karibu mara nne ya kasi ya juu inayoruhusiwa kwa matatu barabarani, ambayo ni kilomita 80 kwa saa. Humpiga windo wake angani kwa miguu, kisha humkamata na kumkata shingo kwa pengo lililo kwenye mdomo wake wa juu, linalofanana na jino.

Wakazi wengi humchanganya na mwewe, kwa hiyo tofauti zao ndizo za kujifunza kwanza. Mwewe ndiye ndege wa kahawia anayezunguka polepole juu ya masoko na majalala, na ambaye huweza kumpokonya mtoto kipande cha nyama mkononi. Mkia wake una panda mwishoni, naye huugeuzageuza kama usukani anaporuka. Kozi hana panda mkiani. Mabawa yake yamechongoka, kifua chake kimejaa, na hupiga mabawa kwa haraka na kwa nguvu. Mgongo wake una rangi ya kijivu cha mawe, kifua ni cheupe chenye michirizi ya kukingama, na miguu ni ya manjano. Alama iliyo rahisi kuikumbuka ni kichwa: ni cheusi, na chini ya kila jicho kuna doa refu jeusi linaloshuka kama sharubu.

Kozi mchanga ni wa kahawia, na michirizi ya kifuani mwake huenda kwa urefu, kutoka juu kwenda chini. Jike ni mkubwa kuliko dume, wakati mwingine kwa thuluthi nzima, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban mita moja kutoka ncha hadi ncha. Nchini Kenya kuna kozi mwingine wa kufanana naye, Falco biarmicus, ambaye utosi wake una rangi ya kutu. Mtazamaji anayeona kutu kichwani atajua kwamba huyo ni ndugu yake, si yeye.

KWA NINI AKAE KWENYE JENGO?

Kozi hajengi kiota cha vijiti kama kunguru au mwewe. Porini hutaga kwenye majabali: hutafuta kibaraza cha mwamba kisichofikika kwa chui, nyani wala nyoka, hukwangua shimo dogo kwenye udongo au changarawe kwa kifua na miguu, na kutaga humo mayai matatu au manne. Anachohitaji ni vitu vitatu: kimo, kibaraza na chakula.

Jengo refu la mjini humpa vyote vitatu. Ukuta wa zege au mawe kwake ni jabali. Ukingo wa dirisha, sehemu ya juu ya mnara wa kanisa, au nafasi iliyo nyuma ya herufi za jina la kampuni huwa ndicho kibaraza. Na chini yake kuna njiwa wengi, kwezi na ndege wengine wanaoishi kwa makombo ya binadamu. Ndiyo maana hutua pia kwenye madaraja makubwa, mabomba marefu ya moshi ya viwanda na minara ya mawasiliano.

Kuna kitu kimoja ambacho jengo halina, nacho ni changarawe. Kasoro hiyo ilionekana waziwazi mjini Montreal, Kanada, katika jengo la kampuni ya bima ya Sun Life. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 jozi ya kozi ilikuwa ikitaga kwenye kingo za jengo hilo, lakini mayai hayakufanikiwa. Juu ya zege tupu yai hubingirika, na pale penye mfereji wa maji huloa na kuharibika. Mtazamaji wa ndege aitwaye George Harper Hall alifuatilia jozi hiyo, na kozi hao wakawekewa sanduku la changarawe. Baada ya hapo mayai yalianguliwa, na jengo hilo likaendelea kutoa makinda hadi mwaka 1952.

Njia hiyo rahisi ndiyo inayotumika hadi leo katika miji mingi: sanduku la mbao lililo wazi upande mmoja, sakafu yenye matundu ya kupitisha maji, na changarawe ndogo za mviringo ndani yake. Hakuna umeme wala mtambo. Kazi yote hufanywa na ndege mwenyewe.

MALALAMIKO YALIYOGEUKA USHAHIDI

Mwaka 1960, wafugaji wa njiwa wa mashindano nchini Uingereza waliilalamikia serikali. Walisema kwamba kozi wameongezeka kupita kiasi, wanawamaliza njiwa wao, na kwamba sheria ya kuwalinda iondolewe. Badala ya kuamua kwa kusikia upande mmoja, uliagizwa uchunguzi. Kazi hiyo aliisimamia mtaalamu wa mazingira Derek Ratcliffe, na majabali yaliyojulikana kuwa na kozi yakatembelewa moja baada ya jingine katika miaka ya 1961 na 1962.

Matokeo yalikuwa kinyume cha malalamiko. Kozi hawakuwa wameongezeka, walikuwa wakitoweka. Kufikia mwaka 1963 idadi yao ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Pale walipobaki, Ratcliffe alikuta jambo la ajabu: mayai yaliyovunjika ndani ya kiota, na ndege wakiwa hapohapo.

Ili kujua sababu, alirudi kwenye makusanyo ya mayai ya zamani. Kwa miongo mingi, watu nchini Uingereza walikuwa na mazoea ya kukusanya mayai ya ndege na kuyahifadhi kwenye makabati na makumbusho. Ratcliffe aliyapima na kuyapa uzito maganda hayo, kisha akayalinganisha na mapya. Mwaka 1967 alichapisha matokeo: kuanzia takriban mwaka 1947, ganda la yai la kozi lilikuwa limepungua unene ghafla. Wakati huo ndipo dawa ya DDT ilipoanza kutumiwa kwa wingi.

Njia iliyopitiwa na sumu hiyo inaweza kuelezwa kwa hatua:

Kwanza, dawa hunyunyiziwa shambani na kuwapata wadudu. Pili, ndege mdogo hula wadudu mia kadhaa, na sumu yote iliyokuwa ndani yao hubaki katika mafuta ya mwili wake, kwa kuwa DDT haioshwi na maji wala haiozi haraka. Tatu, kozi hula ndege wengi wadogo mwaka mzima, na mrundiko wa sumu ndani yake huwa mkubwa kuliko wa kiumbe yeyote aliye chini yake. Nne, kemikali inayotokana na DDT huzuia kalsiamu kuingia ipasavyo kwenye ganda la yai. Mwisho, mama hulalia mayai ili ayape joto, na uzito wake mwenyewe huyavunja.

Kozi hakuwahi kugusa shamba lile. Alikuwa mwisho wa mnyororo, na mwisho wa mnyororo ndipo sumu hujikusanya. Binadamu naye yuko karibu na mwisho huo, na hilo ndilo lililofanya kisa cha ndege huyu kuwa onyo kwa watu.

KUTOKA SIFURI HADI MAGHOROFANI

Hali ilikuwa mbaya zaidi Marekani. Mwaka 1964 watafiti walitembelea maeneo 133 ya mashariki mwa bara la Amerika Kaskazini ambayo zamani kozi walizaliana. Hawakumkuta hata kozi mmoja.

Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT kwa kilimo. Marufuku peke yake isingewarudisha ndege ambao hawakuwapo tena. Mwaka 1970, Profesa Tom Cade wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa ameanzisha shirika la The Peregrine Fund, ambalo lilianza kuzalisha kozi katika mabanda. Makinda walipofikia umri wa karibu kuruka, waliwekwa katika masanduku juu ya majabali, minara na majengo, wakalishwa kupitia tundu bila kumwona binadamu, kisha mlango ukafunguliwa wajifunze kuwinda wenyewe. Kati ya miaka ya 1974 na 1997 shirika hilo liliwaachilia kozi zaidi ya 4,000.

Baadhi yao walijichagulia makao ambayo hakuna aliyeyapanga. Mjini Baltimore, jike mmoja aliyepewa jina Scarlett alihamia kwenye ukingo wa jengo la kampuni ya bima mwaka 1978. Kwa kuwa hakuwa na dume wa kudumu, wataalamu walimpa makinda wa kulea, naye akawalea kama wake. Wafanyakazi wa ofisini waliokuwa upande wa pili wa kioo wakawa mashahidi wa kila siku. Katika jiji la New York kozi walianza kuzaliana juu ya madaraja makubwa mwaka 1983, na hadi leo makinda wa kwenye madaraja hayo huvishwa pete miguuni wakiwa na umri wa wiki tatu hivi, ili ijulikane baadaye walikoenda.

Mwezi Agosti 1999 serikali ya Marekani ilimwondoa kozi katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Safari hiyo ilichukua karibu miaka 30 tangu dawa ilipopigwa marufuku. Sumu ilisambazwa kwa muda mfupi, lakini kurekebisha madhara yake kulihitaji kizazi kizima cha watu.

WINDO LA USIKU

Mnara wa kanisa kuu la Derby, Uingereza, una sanduku la kozi tangu mwaka 2006, na kamera zinazoonyesha kiota kwa yeyote mwenye intaneti. Watazamaji wa huko walikusanya mabaki ya chakula chini ya mnara: manyoya, miguu na vichwa vya ndege walioliwa. Walitarajia kukuta njiwa peke yao. Walikuta pia kware, vibisi na ndege wengine wa majini na wa vichakani ambao hawaonekani mjini mchana.

Ndege hao husafiri usiku. Mji unapowasha taa, mwanga huwamulika kutoka chini, na kozi aliyetulia gizani juu ya mnara huwaona matumbo yao yakimetameta. Kamera zilithibitisha hilo kwa kumwonyesha kozi akirudi na windo usiku. Kwa njia hiyo, wakazi wa kawaida waliokuwa wakiokota manyoya kwenye lami walisaidia kuthibitisha tabia ambayo mwanzoni wengi waliitilia shaka.

Kisa hicho kinaonyesha pia upande wa pili wa taa za mji. Mwanga huohuo unaomsaidia kozi huwachanganya ndege wasafiri, na wengi hugonga vioo vya majengo. Kuzima taa zisizohitajika za maghorofa usiku kunapunguza vifo hivyo, na bili ya umeme pia.

MWAKA WA KOZI MJINI

Katika nchi za kaskazini, mwaka wa kozi wa mjini hufuata majira. Mwezi Februari na Machi dume hujionyesha angani na kumletea jike chakula, mara nyingi wakipokezana windo hewani. Mayai hutagwa Machi au Aprili. Jike ndiye hulalia zaidi, dume akimpokea kwa saa chache, na baada ya mwezi mmoja hivi makinda huanguliwa wakiwa na manyoya meupe kama pamba. Wakifikisha wiki sita huruka kwa mara ya kwanza, kwa kawaida mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. Huendelea kulishwa na kufundishwa na wazazi kwa wiki kadhaa zaidi. Zaidi ya nusu yao hawamalizi mwaka wa kwanza.

Kalenda hiyo haifai kuhamishiwa Kenya jinsi ilivyo. Karibu na ikweta majira ni mengine, na kuna makundi mawili ya kozi. Wako wakazi wa kudumu, ambao huzaliana hasa kwenye majabali kama yale ya Hell's Gate, Kaunti ya Nakuru. Wako pia wageni wanaotoka kaskazini ya mbali, hadi nchi za baridi kali za Siberia, ambao hukaa Afrika takriban kati ya Oktoba na Aprili. Kozi aliyetua kwenye ghorofa jijini Nairobi mwezi Desemba huenda akawa mpangaji wa msimu, na ghorofa hilo likawa mahali pake pa kulala wala si pa kutagia. Kujua tofauti hiyo kunahitaji mtu anayetazama jengo lilelile mwezi baada ya mwezi.

NAMNA YA KUTAZAMA

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: daftari, kalamu na subira. Darubini ya mkononi husaidia, lakini kazi huweza kuanza bila hiyo.

Anza na ardhi. Kabla ya kumtafuta ndege, mtazamaji atafute dalili zake. Kinyesi cheupe kilichochirizika ukutani chini ya ukingo mmoja, manyoya ya njiwa yaliyotawanyika, au mguu wa ndege ulioachwa kwenye lami ni alama kwamba juu yake kuna mahali pa kulia chakula. Mabaki hayaokotwi kwa mikono mitupu. Mtu atumie glavu au kijiti, na anawe kwa sabuni.

Chagua saa. Saa za kufaa ni mapambazuko na jioni kabla ya giza. Asubuhi kozi huondoka kuwinda, na jioni hurudi kulala. Mchana wa jua kali anaweza kukaa saa tatu bila kusogea.

Waangalie njiwa. Kundi la njiwa likitimka kwa pamoja na kuzunguka kwa kubanana angani, mara nyingi kuna kitu juu yao. Macho yaelekezwe juu ya kundi, si ndani yake.

Simama mbali. Mtazamaji asimame upande wa pili wa barabara, mahali salama. Asipande paa, asitupe jiwe ili ndege aruke, na asirushe droni. Kozi mwenye makinda hushambulia kila kinachokaribia kiota, na droni ikianguka barabarani inaweza kumuumiza mpita njia.

Omba ruhusa. Majengo mengi ya mijini yana walinzi, na baadhi ya majengo hayaruhusu kupigwa picha. Salamu na maelezo mafupi kwa mlinzi huepusha matatizo. Mara nyingi mlinzi wa usiku ndiye anayejua zaidi kuhusu ndege wa jengo lake kuliko mtu mwingine yeyote.

Andika. Kila tazamo liwe na tarehe, saa, jina la jengo, idadi ya ndege, alichokuwa akifanya, na hali ya hewa. "Hakuonekana" nayo iandikwe. Siku za kukosa ndizo zinazoonyesha ndege aliondoka lini.

Kumbukumbu hizo zina kazi. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea orodha za ndege kutoka kwa watazamaji wa kawaida kote nchini. Kwa anayetaka kujifunza pamoja na wenzake, shirika la Nature Kenya huandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yakianzia Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Matembezi hayo yamekuwepo tangu miaka ya 1970.

KINDA AKIANGUKA

Safari ya kwanza ya kinda wa mjini ni ya hatari. Porini, akishindwa kufika kwenye tawi, hutua kwenye mteremko wa mawe. Mjini hutua barabarani. Katika miji ya Marekani, watu wa kujitolea hukesha chini ya majengo wiki ya makinda kuruka, wakiwa na sanduku na taulo, ili kumwokota anayeanguka na kumrudisha juu ya paa.

Mkazi wa kaunti anayemkuta ndege mwindaji chini, awe kozi, mwewe, tai au bundi, afuate hatua hizi:

1. Awazuie watoto, mbwa na magari kwanza. Asimkimbize ndege.
2. Atazame kwa mbali. Kinda mwenye manyoya kamili, anayesimama na kupiga mabawa, huenda ni mzima na wazazi wako karibu.
3. Ikiwa yuko barabarani au ameumia, amfunike kwa taulo au koti, amshike kwa kubana mabawa taratibu, na ajihadhari na kucha, kwa kuwa hizo ndizo silaha zake.
4. Amweke kwenye katoni yenye matundu, ndani ya giza na utulivu. Asimpe maji mdomoni, mkate wala nyama.
5. Atoe taarifa kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu, au amuulize daktari wa mifugo wa kaunti ndogo.

Kumweka nyumbani si msaada. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga wala kumuuza ndege wa porini bila kibali, hata kama alimwokota kwa nia njema.

YANAYOWAHUSU WAKAZI WA KENYA

Kisa cha kozi kimeandikwa zaidi katika nchi za mbali, lakini hatari aliyoiona haiko mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa barabarani nchini Kenya katika miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020. Kati ya spishi 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua.

Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, ambao unazuia DDT isipokuwa kwa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa. Hata hivyo, DDT si sumu pekee. Mizoga hutiwa sumu ili kuua fisi au simba, na tai hufa kwa makumi. Kwelea wavamizi wa mashamba ya mpunga na mtama hunyunyiziwa dawa, na ndege mwindaji anayewala kwelea waliolegea hulegea naye. Panya aliyekula sumu hutoka nje akiyumbayumba, akanyakuliwa na bundi wa mtaani. Mnyororo ni uleule alioueleza Ratcliffe.

Kwa hiyo kila mkazi ana sehemu yake. Mkulima anunue dawa iliyosajiliwa, afuate kipimo kilicho kwenye kibandiko, na asitupe chupa mtoni. Mwenye nyumba anayetega panya atumie mtego kabla ya sumu, na azike mizoga ya panya. Msimamizi wa jengo refu anayepanga kupaka rangi au kusafisha vioo akague kingo kwanza. Akikuta mayai au makinda, upande huo usubiri wiki chache, na KWS ipewe taarifa. Mwenye duka naye ajue kwamba kozi peke yake hatawamaliza njiwa wa mjini. Njiwa huongezeka kwa sababu ya makombo na taka. Pipa lenye kifuniko hupunguza njiwa kuliko ndege yeyote mwindaji.

Kwa wazazi na walimu kuna jambo moja zaidi. Watoto wanaorusha mawe kwa manati huwalenga ndege wawindaji kwa sababu ni wakubwa na hukaa kimya, na bundi hupigwa kwa sababu ya imani kwamba analeta mkosi. Darasa linalofuatilia jengo moja kwa muhula mmoja, likiwa na daftari la kumbukumbu, hujifunza sayansi, hesabu na uandishi kwa pamoja. Mtoto aliyemfuatilia ndege huyo kwa muhula mzima hataona raha kumtupia jiwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja alama tatu zinazomtofautisha kozi na mwewe.
2. Kwa nini mayai ya kozi hushindwa kwenye ukingo wa zege usio na changarawe?
3. Wafugaji wa njiwa wa Uingereza walilalamika kwamba kozi wameongezeka. Uchunguzi ulionyesha nini, na hilo linafundisha nini kuhusu kupokea malalamiko?
4. Panga kwa mfuatano: kozi, dawa ya shambani, ndege mdogo, mdudu. Sumu hujikusanya zaidi wapi, na kwa nini?
5. Jirani amemwokota kinda la bundi na anataka kulifuga. Utamwambia nini?

ZOEZI LA MWEZI

Chagua jengo, mnara au mti mrefu mmoja ulio karibu na nyumbani, shuleni au kazini. Litazame kwa dakika 15, mara mbili kwa wiki, saa ileile, kwa mwezi mmoja. Andika kila ndege anayetua na muda anaokaa. Mwisho wa mwezi, hesabu siku za kuonekana na siku za kukosa, kisha linganisha na daftari la jirani aliyetazama jengo jingine. Matokeo yakionyesha ndege mwindaji analala au anatagia hapo, ipewe taarifa ofisi ya mazingira ya kaunti pamoja na KWS kabla ya kazi yoyote ya ujenzi au ukarabati kuanza upande huo.